Nani Atasoma Andiko Lako?

Mei Mosi ya mwaka 2025 wengi wetu tulikuwa majumbani, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi. Habari ilianza kuzunguka kwenye simu: Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH, zimetangaza kwamba hazitatoa wala kuhuisha ruzuku ambazo chuo cha Marekani huzipokea kisha kukikatia fungu chuo cha nchi nyingine, mpaka utaratibu mpya utakapotungwa. Tangu Januari tulikuwa tumeona miradi ya USAID ikisimama mmoja baada ya mwingine. Hii ya Mei Mosi ilitugusa sisi wenyewe, wahadhiri wa vyuo vya tiba, watu wanaofundisha asubuhi, wanaotibu mchana, na wanaofanya utafiti kwa saa wanazoziiba usingizini. Utafiti mwingi wa tiba hapa kwetu umesimama juu ya mafungu ya aina hiyo hiyo.

Katika wiki zilizofuata niliwatazama wenzangu wawili, vijana wa rika moja na cheo kimoja, wote madaktari bingwa, wote wakiwa na miradi iliyoguswa na tangazo lile. Mmoja alikwama kabisa. Hakuwa na bajeti ya mradi wake mwenyewe mkononi, hakujua mkataba ulisema nini, na data zake zilikuwa kwenye kompyuta ya chuo cha ng'ambo. Mwingine, kabla mwezi haujaisha, alikuwa ameshaanza kuligeuza andiko lake ili lifae kwa mfadhili wa Ulaya. Nawafahamu wote wawili. Kwa akili na bidii hawapitani. Wamepitana katika malezi: mmoja alipata watu wa kumsomea maandiko yake na kumwonyesha mradi unavyoendeshwa, mwenzake alitumiwa matangazo tu.

Nina miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii, na jambo hili ndilo ninalotaka kulieleza.

Nilipoajiriwa kuwa mhadhiri, nikiwa nimetoka kumaliza uzamili wa magonjwa ya watoto, habari za ufadhili zilikuwa adimu kama dawa za bei kubwa. Zilikuja kwa barua, au kwa profesa aliyerudi kutoka mkutano wa Geneva au Stockholm na kabrasha mkononi, na kabrasha lilimfikia anayefahamika. Hata majarida ya kusoma yalikuwa taabu. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa HINARI, unaoviwezesha vyuo vya nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo, tulipanga foleni maktaba kusubiri kompyuta.

Siku hizi habari zimejaa tele. Kila asubuhi kundi la WhatsApp la idara linaleta wito mpya: tuzo ya K43 ya Kituo cha Fogarty, inayowalenga wanasayansi chipukizi wa nchi zetu, ufadhili wa kukuza taaluma wa EDCTP, ule ushirikiano wa Ulaya na Afrika katika majaribio ya tiba ulioanza 2003, wito wa Wellcome, wito wa Wakfu wa Science for Africa ulioko Nairobi, mara moja moja wa COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia. Mhadhiri kijana anausoma, anauwekea nyota, anaingia wodini. Nimeonyeshwa simu zilizosheheni nyota za namna hiyo, na tarehe zote zimepita. Vijana hawa si wavivu. Tangazo linamkuta mtu peke yake, usiku, baada ya zamu, na linamtaka kwa miezi miwili afanye kazi ambayo kwingine hufanywa na ofisi nzima.

Aliyenifungua macho ni profesa wa afya ya jamii, mzee mpole aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Kila Alhamisi saa tisa alasiri alifungua chumba cha mikutano cha idara yake, akaweka mezani birika la chai na sahani ya vitumbua, na yeyote mwenye andiko la mradi alikaribishwa, awe wa idara yoyote. Masharti yake hayakubadilika. Uje na ukurasa mmoja tu, ule wa malengo ya utafiti, na nakala kwa kila aliyekuwepo. Tunasoma kimya, kila mtu na penseli yake. Kisha kila mmoja anaeleza alichoelewa, na mwenye andiko hafungui mdomo mpaka wote wamalize. Kazi ya sharti hilo la mwisho niliijua siku yangu ilipofika. Unamsikia mwenzako, daktari mwenye akili timamu, akiueleza utafiti wako jinsi alivyouelewa, na unautambua kwa shida.

Ukurasa wangu ulihusu manjano ya watoto wachanga. Jambo lenyewe nililiona wodini wiki hadi wiki. Mama akijifungua salama huruhusiwa mapema, mara nyingi ndani ya saa 24, kwa sababu vitanda havitoshi. Manjano hupanda siku ya tatu au ya nne, mtoto akiwa nyumbani. Kwenye ngozi yetu macho peke yake hayatoshi kukadiria. Unaweza kubonyeza paji la uso, ukatazama kiganja na unyayo, na bado ukadanganyika. Bibi anashauri mtoto aanikwe juani asubuhi. Huku mwambao, ambako upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ni wa kawaida, wapo watoto ambao manjano yao huruka haraka, na wanaporudishwa hospitali shingo imeshaanza kukakamaa na kilio kimebadilika. Tiba yenyewe, kumlaza mtoto chini ya taa za bluu, ni rahisi mno kuliko dhara la kuchelewa. Nilitaka kujua kama muuguzi wa zahanati akipewa kifaa cha kupima juu ya ngozi, bila sindano, angewakamata watoto hawa mapema.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, tugawie.”

Walisoma. Walieleza. Ilipofika zamu yake, Profesa aliweka penseli chini.

“Huyu mtoto wako wa kwanza, mwanangu, ni nani? Kazaliwa wapi, katoka hospitali saa ngapi, mama yake anakaa wapi, na siku ya tatu anapimwa na nani?”

Ilinibidi ninyamaze, kwa mujibu wa sharti. Aliendelea.

“Wewe unayajua yote haya, najua. Lakini atakayelisoma andiko hili huko aliko hajawahi kupanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi na mtoto mchanga kifuani. Ukimwandikia ‘mtoto atafuatiliwa nyumbani’, anaiona nyumba ya kwao na barabara ya kwao. Mwandikie njia. Mwambie nyumba haina namba, ila balozi wa mtaa anamfahamu mama huyu. Hiyo ndiyo sayansi yako, na hakuna mwingine anayeweza kuiandika.”

Niliandika upya ukurasa ule wiki ile na wiki nyingine kadhaa. Ulipokwenda kwa mfadhili, swali la ufuatiliaji, ambalo kwa kawaida ndilo huwatia shaka wapimaji, halikuulizwa. Ruzuku niliyopata ilikuwa ndogo, lakini mtafiti mkuu nilikuwa mimi, na kutoka hapo taaluma yangu iliota mizizi.

Mtu wa pili anayestahili kutajwa katika habari hii hajaandikwa kwenye makala yoyote. Ni mhasibu wa ofisi ya miradi, mama mmoja mtulivu aliyekuwa na daftari gumu lenye jalada jekundu. Sisi madaktari hudhani andiko ni sayansi, na fedha zitajiendesha. Yeye alijua kwamba chuo kinachotaka kuomba moja kwa moja NIH lazima kwanza kisajiliwe kwenye mfumo wa serikali ya Marekani uitwao SAM, na kwamba kwa taasisi ya nje usajili huo unadai namba ya NCAGE, inayotokana na utaratibu wa jumuiya ya kijeshi ya NATO. Hebu fikiria: ili kupima manjano ya mtoto wa Temeke, unaanzia kwenye orodha ya NATO. Alijua usajili huhuishwa kila mwaka, na kwamba kuanza upya kunaweza kuchukua wiki sita au zaidi. Alijua pia kwamba saa ya mwisho ya kutuma maombi NIH ni saa kumi na moja jioni kwa saa za mwombaji, yaani za hapa Dar es Salaam. Nimeona wenzangu wa vyuo vingine wakikesha kwa kudhani wanayo mpaka usiku wa manane, Washington ikiwa bado mchana.

Kazi yake nyingine ilikuwa marejesho ya masurufu, na hapo ndipo aliponishangaza zaidi. Akina mama wa utafiti wetu walirudishiwa nauli. Mkaguzi akataka risiti ya mashine ya EFD kwa kila malipo. Bodaboda gani hutoa risiti ya EFD? Mhasibu wetu alikaa na wauguzi mchana mmoja, akatunga fomu ya nusu ukurasa: alikotoka mama, kituo alichopandia, kiasi alicholipwa, dole gumba la mama, saini ya muuguzi, saini ya shahidi. Akaipeleka fomu ile kwa mkaguzi kabla mradi haujaanza, wakakubaliana kwa maandishi. Mradi haukupata hoja hata moja ya ukaguzi kwa ajili ya nauli. Naijua miradi mizuri iliyovunjwa na jambo dogo kama hilo, na wafadhili hawasahau.

Vyuo vyetu havina watu wa namna hiyo wa kutosha, na chanzo kinajulikana. Ofisi ya miradi hulipiwa na gharama za uendeshaji zinazoongezwa juu ya ruzuku. Kwa miaka mingi NIH imevipa vyuo vya nje ya Marekani asilimia 8 tu kwa ajili ya gharama hizo, ilhali vyuo vikubwa vya Marekani kwenyewe vimekuwa vikipata zaidi ya asilimia 50. Kwa asilimia hiyo 8 ulipe mhasibu, mwanasheria wa kusoma mikataba, umeme, dizeli ya jenereta na mkaguzi. Tunaambiwa hatuna uwezo wa kusimamia fedha kubwa, na tunanyimwa fedha za kuujenga uwezo huo. Nalisema hili kwa uchungu, maana nimekaa kwenye vikao ambako sentensi hizo mbili zilisemwa na mtu mmoja asubuhi ile ile.

Kisha kuna muda. Tuzo za kukuza taaluma karibu zote huja na barua ambamo mkuu wa chuo huahidi kumpunguzia mhadhiri majukumu ili apate saa za utafiti. Barua husainiwa. Ratiba hubaki ilivyokuwa. Daktari mmoja, mama wa watoto wawili, alipata tuzo kubwa ambayo wengi tungeililia, na mwaka wake wa kwanza aliendelea na zamu zile zile, raundi kubwa ile ile, na mitihani ya wanafunzi ile ile, kwa sababu hakukuwa na wa kumshikia. Data zilikuwepo. Makala haikuwepo. Mfadhili alipouliza, aliyeonekana amezembea ni yeye. Sitakitaja chuo, na si kwamba vingine vina nafuu kubwa. Barua ya namna hiyo inapaswa kuambatana na jina la daktari atakayeshika zamu na fungu la kumlipa, vinginevyo isisainiwe.

Na kuna jina kwenye makala. Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha utafiti uliopitia makala zaidi ya 7,000 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika, na ukaonyesha kwamba Waafrika hujaa katikati ya orodha ya waandishi, huku nafasi ya kwanza na ya mwisho, zenye uzito, zikiwaendea wenzao hasa ushirikiano ukiwa na vyuo vya nchi tajiri. Kwetu hili ni suala la mkate. Mhadhiri hupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kwa makala, na nafasi ya jina lako huhesabiwa. Profesa wetu wa Alhamisi alitufundisha kuuliza siku ya kwanza, kabla hata kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hakijaombwa: makala zitakazotoka ni zipi, nani ataandika ipi kwanza, sampuli zitakaa wapi, nani ana funguo za data. Aliuliza kwa upole, akimimina chai, na wageni walijibu. Mpaka leo sijaona ushirikiano uliovunjika kwa sababu ya swali hilo kuulizwa mapema. Iliyovunjika ni ile ambayo liliulizwa mwishoni.

Mifano ya njia iliyo bora ipo hapa hapa. Katikati ya miaka ya 1990 chuo cha Muhimbili na chuo cha afya ya umma cha Harvard waliwaandikisha wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI hapa Dar es Salaam katika jaribio la vitamini; matokeo ya jinsi vitamini zilivyochelewesha kuendelea kwa ugonjwa yalichapishwa mwaka 2004 katika New England Journal of Medicine. Dkt. Julie Makani alianza kufuatilia wagonjwa wa selimundu Muhimbili mwaka huo huo wa 2004 kwa ufadhili wa Wellcome, na kundi lile likawa miongoni mwa makubwa zaidi ya aina yake. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Huo ulikuwa ufadhili wa mtu mmoja, uliompa miaka ya kukaa na swali moja, na wagonjwa wa nchi nzima wamefaidika.

Mwaka 2010 ukaja MEPI, mpango wa elimu ya tiba wa serikali ya Marekani, dola milioni 130 kwa miaka mitano, na ruzuku zake zilikwenda moja kwa moja kwa vyuo vya Afrika: chuo cha KCMC Moshi, Makerere, Nairobi na vingine. Mtafiti mkuu alikuwa Mwafrika, ofisini mwake, na mshirika wa Marekani ndiye aliyepokea fungu. Wenzangu wa Moshi wa enzi ile wanaizungumzia miaka ile kwa namna ya pekee. Waliajiri, walifunga intaneti, walianzisha vitengo vya kusimamia ruzuku. Fedha za MEPI ziliisha, na watu waliofunzwa kwa fedha hizo wakabaki na ujuzi wao. Ndiyo maana, katika hofu yote ya mwaka 2025, nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba kukatwa kwa mafungu kunaumiza wagonjwa na kunaumiza vijana, na papo hapo kunatulazimisha kudai kile ambacho MEPI ilikuwa imeshaonyesha kinawezekana, yaani chuo chetu kiombe kwa jina lake.

Profesa alipostaafu, Alhamisi ilibaki mikononi mwetu. Siku hizi mimi ndiye ninayeleta vitumbua. Muhula uliopita tulisoma taarifa ya wapimaji aliyoletewa daktari wa masikio, pua na koo baada ya andiko lake la NIH kurudi. Alikuwa amevunjika moyo kwa alama alizoziona, mpaka mwenzetu mmoja alipomweleza kwamba kule 1 ndiyo bora na 9 ndiyo mbaya, na kwamba tatu yake kwenye umuhimu wa utafiti ilikuwa sifa. Tuligawana kurasa. Kila mtu alichukua hoja moja ya wapimaji na kuandika jibu lake. Sheria inampa nafasi moja ya kulirudisha andiko lile, ndani ya miezi 37, na sasa anajua hasa ni wapi pa kurekebisha: wapimaji walishuku idadi ya wagonjwa, naye alikuwa na daftari la kliniki la miaka minne ambalo hakulitaja kwa kuwa aliliona ni la kawaida mno.

Serikali zetu nazo ziliahidi. Mwaka 2008 pale Bamako mawaziri walikubaliana kwamba nchi zitenge angalau asilimia 2 ya bajeti ya wizara ya afya kwa utafiti. Ahadi hiyo bado ina miguu ya kusimamia, na sisi tunaofundisha tunapaswa kuitaja kila bajeti inaposomwa. Fedha za ndani, hata zikiwa kidogo, humpa kijana data za mwanzo, na bila data za mwanzo hakuna mfadhili mkubwa anayemsikiliza.

Kwa wakuu wa idara na wakuu wa shule za tiba nina ombi lisilohitaji mfadhili. Alhamisi alasiri iingizwe kwenye ratiba rasmi, ihesabike kama saa za kazi, na zamu zipangwe kwa kuizingatia. Anayesoma maandiko ya wenzake apewe alama kwenye tathmini yake ya mwaka, kama anavyopewa anayesimamia tasnifu. Na mhasibu wa miradi akaribishwe mezani, akae karibu na birika, aulizwe kabla sayansi haijafungwa. Ratiba ya muhula ujao inapangwa mwezi huu.